Kidole cha Mwombaji

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Kibali cha kulitaja kinaombwa kwa njia ya mtandao, na ombi langu lina miaka miwili sasa, na kila nikiulizia naambiwa linashughulikiwa vizuri sana.

Itoshe kusema ni nchi yenye mito miwili, reli moja, na Wizara ya Maombi na Majibu. Wizara hiyo ilizinduliwa kwa ngoma na mabango, na kwa sababu za kitaalamu ikaanza na upande wa maombi. Upande wa majibu ulikuwa unasubiri jengo.

Katika mji mmoja wa nchi hiyo palikuwa na hospitali ya mkoa, na ndani ya hospitali, katika chumba kilichobanwa kati ya famasi na stoo ya mashuka, alifanya kazi Bi Sikudhani Ngwele, opereta wa simu. Alikuwa na miaka arobaini na mitano, na alikuwa haoni tangu surua ilipompitia akiwa na miaka mitatu. Kwenye simu zile alikuwa amekaa miaka ishirini na mmoja. Namba za ndani alikuwa nazo zote kichwani, na za nje pia. Alizijua sauti za watu hata wanapokuwa na mafua. Alijua daktari yupi saa ngapi yuko wapi, pamoja na mahali ambapo daktari mwenyewe hakupenda pajulikane.

Mwaka daraja lilipokatika na basi likatumbukia mtoni, ni yeye aliyempata daktari wa upasuaji kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Daktari wa usingizi alimpata kwenye harusi ya shemeji yake. Dereva wa ambulensi alimpata kwa mganga wa kienyeji, alikokuwa akitibiwa mgongo. Wote watatu walifika ndani ya dakika ishirini na tano, na watu kumi na tisa wakapona. Mganga Mkuu wa hospitali alipewa nishani. Sikudhani alipewa siku moja ya mapumziko, asiichukue, kwa kuwa hapakuwa na wa kumshikia simu.

Basi Waziri wa Maombi na Majibu akatoa hotuba redioni. Alisema serikali imechoshwa na watumishi hewa, wale ambao majina yao yapo na miili yao haipo. Kwa hiyo kila mtumishi wa umma aombe upya kazi aliyonayo, kwa fomu ya mtandaoni, ndani ya siku kumi na nne. Asiyeomba atahesabika kuwa hakuwahi kuajiriwa.

"Na ndugu zetu wenye ulemavu wasiwe na hofu," aliendelea Waziri. "Nafasi zao zimelindwa. Fomu yetu ni jumuishi, ni shirikishi, na ni fikivu."

Maneno hayo matatu hakuna aliyeyaelewa sawasawa, lakini makofi yalisikika kwa muda mrefu.

Sikudhani alifurahi. Alikuwa na simu inayomsomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo, na alishaitumia kusoma magazeti, kutuma salamu kwa binti yake Zuhra aliyeolewa mbali, hata kubishana na watu asiowajua kuhusu mpira. Fomu ya kurasa sita itamshinda nini?

* * *

Jumamosi asubuhi alikaa kwenye kigoda barazani, karibu na mumewe, Mbaruku, ambaye alikuwa fundi baiskeli na siku hiyo alikuwa akinyoosha rimu iliyopinda. Akafungua fomu. Simu ikaanza kusoma.

"Karibu. Picha. Picha. Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe kisicho na jina."

"Inasemaje?" Mbaruku aliuliza.

"Inasema karibu."

"Halafu?"

"Halafu haisemi."

Akabonyeza kitufe cha kwanza kisicho na jina, ikaanza hotuba ya Waziri. Akabonyeza cha pili, fomu ikageuka lugha ambayo hakuwahi kuisikia duniani. Cha tano ndicho kilichomfikisha ukurasa wa kwanza, na hapo akatulia kidogo, kwa kuwa jina lake na tarehe ya kuzaliwa viliingia bila matata.

Kisha akafika kwenye sehemu ya ulemavu. Fomu ilisema: *Tazama mchoro, kisha chagua aina ya ulemavu wako.* Mbaruku ilibidi aweke rimu chini amwelekeze. Swali lililofuata lilitaka tarehe ambayo ulemavu unatarajiwa kuisha. Sikudhani akaandika kwamba hautarajiwi kuisha. Fomu ikakataa, ikataka tarehe, na isiwe nje ya mwaka wa fedha. Akaandika tarehe thelathini Juni, ndiyo ya mwisho iliyokubalika.

Ikaja picha ya mwombaji. Mbaruku akampiga picha ukutani, amejifunga kitambaa kizuri cha kichwa. Simu ikasoma: *Macho yamefumbwa. Fumbua macho utazame kamera.* Akampiga tena, akampiga kwenye kivuli, akampiga juani. Kope za Sikudhani zilikuwa zimefungika kwa miaka arobaini na miwili, na fomu ilimwambia mara kumi na moja azifumbue.

Mbaruku akasema, "Nenda mbele tu. Picha tutairudia."

Mbele kulikuwa na mtihani wa mwisho wa ukurasa ule. *Ili kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu, gusa picha zote zenye ng'ombe.* Sikudhani akagusa hapa na pale. Simu ikatulia kidogo, halafu ikatamka kwa sauti ile ile ya upole: *Imebainika kuwa wewe si binadamu. Rudi baada ya siku mbili.*

Sikudhani alicheka. Mbaruku hakucheka, na baada ya kitambo Sikudhani naye akanyamaza.

"Nipe nikujazie," Mbaruku alisema.

"Pale mwanzo wameandika mwombaji ajaze mwenyewe. Akijaziwa ni udanganyifu. Miaka miwili jela."

"Nani atajua, Mama Zuhra?"

"Baba Zuhra, mimi kazi yangu ni kuwaunganisha watu. Nimewaunganisha mpaka na watu waliojificha. Leo nishindwe kujiunganisha na wizara?"

Mbaruku akarudi kwenye rimu yake. Alimjua mkewe.

* * *

Jumatatu, saa ya chai, alipiga simu ya msaada ya wizara. Sauti iliyorekodiwa ikamwambia kwamba kwa msaada wa kujaza fomu, ajaze fomu ya msaada iliyopo mtandaoni. Lakini Sikudhani hakuwa mtu wa kushindwa na sauti iliyorekodiwa. Alizunguka kupitia karakana ya magari ya wizara, akaomba apelekwe jikoni, na kutoka jikoni akaunganishwa na opereta mwenyewe.

"Dada yangu," opereta wa wizara alisema, akiteremsha sauti, "mimi ninaona vizuri kabisa, na yangu imenishinda tangu Alhamisi. Njoo ana kwa ana. Ulizia Kurugenzi ya Ufikivu, ghorofa ya nne. Mkurugenzi ni mtu mzuri."

Jumatano akaomba ruhusa akaenda. Chini ya jengo, mbele ya mlango wa lifti, alimkuta mtu aliyemsalimia kwa sauti iliyotoka usawa wa kiuno. Alijitambulisha kuwa Linus Chogo, karani wa bohari ya nafaka, na alikuwa kwenye kiti cha magurudumu.

"Lifti imeharibika?" Sikudhani aliuliza.

"Nzima kabisa. Kuna tangazo. Ngoja nikusomee. 'Lifti hii ni kwa ajili ya watu wenye ulemavu tu. Ufunguo unapatikana ghorofa ya nne.'"

"Umefika saa ngapi?"

"Nilifika juzi."

Sikudhani akapanda ngazi, akiahidi kumletea ufunguo. Ghorofa ya nne akaambiwa na karani kwamba ufunguo husainiwa na mtumiaji mwenyewe, mbele ya karani, bila mwakilishi. Sikudhani akaeleza kwamba mtumiaji yuko chini. Karani akasema hilo linaeleweka, na kwamba akipanda tu atapewa.

Mkurugenzi wa Ufikivu aliitwa Ezekia Lupogo. Kweli alikuwa mtu mzuri. Alisimama alipomwona Sikudhani, akazunguka meza, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, wewe ndiye mlengwa," alisema, na sauti yake ilitetemeka. "Miaka mitatu ninaandika juu ya mlengwa. Mlengwa anataka hiki, mlengwa anastahili kile. Sijawahi kumshika mkono."

"Nashukuru, Mkurugenzi. Nina tatizo na fomu."

"Fomu haina tatizo, mama. Fomu ina changamoto. Na changamoto ni fursa iliyochelewa kupewa jina lake. Kesho tuna warsha ya kuihakiki, pale hotelini kando ya bustani. Njoo uwe miongoni mwetu. Lolote linalofanyika kwa ajili yenu, lazima lifanyike ninyi mkiwepo. Hayo ni maneno yangu, nimeyaandika mwenyewe ukutani pale, yasome ukitoka."

Sikudhani akamshukuru tena. Aliposhuka akamweleza Linus habari za ufunguo. Linus akamwuliza kama huko juu kuna baridi.

* * *

Warshani walikuwa maofisa thelathini, na kila mmoja alifungwa kitambaa machoni ili aonje hali ya asiyeona. Vitambaa vilikuwa vipya, vya rangi za taifa. Nyuma ya kila ofisa alisimama msaidizi mwenye kuona, na kazi ya msaidizi ilikuwa kushika kidole cha ofisa na kukipeleka kwenye kitufe kinachotakiwa. Kwa njia hiyo maofisa wote thelathini walijaza fomu kuanzia mwanzo hadi mwisho katika muda wa dakika saba.

Baadhi yao walitokwa na machozi. Naibu mkurugenzi mmoja alisimama, kitambaa bado usoni, akasema, "Nimeelewa sasa. Ni giza." Akapigiwa makofi, na alipotaka kukaa akakikosa kiti, akapigiwa makofi tena.

Kisha Lupogo akatangaza kwamba warsha ina bahati ya kuwa na mlengwa halisi, na Sikudhani akaletwa mbele, akapewa simu yenye fomu. Hakupewa msaidizi, kwa kuwa hakuwa kwenye orodha ya maofisa. Simu ikasema karibu, ikasema picha, ikasema kitufe. Baada ya dakika ishirini ikasema yeye si binadamu.

Katibu wa warsha akakohoa. "Mheshimiwa Mkurugenzi, matokeo haya hatuwezi kuyaingiza."

"Kwa nini?"

"Mshiriki hakufungwa kitambaa. Mwongozo, ukurasa wa pili: kila mshiriki atafungwa kitambaa."

Lupogo alipapasa mwongozo wake mezani kama anayetafuta mlango wa kutokea. Halafu akaja taratibu hadi kwenye kiti cha Sikudhani.

"Ni utaratibu tu, mama," alinong'ona. "Uniwie radhi."

Akamfunga kitambaa. Sikudhani aliisikia harufu ya wanga wa nguo mpya, na fundo likimvuta nywele za kisogoni. Alikaa na mikono magotini. Alikuwa amelala macho jana akipanga atakayosema: kwamba kila kitufe kikipewa jina, simu italisoma, kwamba mtihani wa ng'ombe uwekewe swali la kusikiliza, kwamba picha isilazimishe macho. Mambo matatu, hata saa moja hayachukui. Alikuwa na hakika kuna mtu atamwuliza.

Akajaza tena, akashindwa tena, na katibu akaandika: *Mshiriki mmoja kati ya thelathini na mmoja anahitaji mafunzo zaidi.* Warsha ikapitisha maazimio kwamba maandishi ya fomu yakuzwe, yapakwe rangi ya njano, na juu iongezwe picha ya mtu kwenye kiti cha magurudumu akitabasamu. Kisha ikaletwa pilau.

Mbaruku alikuja kumchukua kwa baiskeli. Sikudhani alikaa kwenye keria, mkono kiunoni mwa mumewe, na walikwenda mwendo mrefu.

"Walinifunga kitambaa," Sikudhani alisema mwishowe.

"Kitambaa cha nini?"

"Machoni."

"Sijakuelewa."

"Walinifunga kitambaa machoni, Baba Zuhra. Nisione."

Mbaruku aliacha kukanyaga pedali. Baiskeli ikaserereka hadi ikasimama yenyewe kando ya barabara, naye akabaki ameshika usukani, hageuki.

* * *

Siku ya kumi na nne ilikuwa Ijumaa, na fomu ilikuwa inafungwa saa kumi alasiri. Fomu mpya ilikuwa imeshatoka. Simu ikasoma, "Karibu. Picha ya mtu akitabasamu. Picha. Kitufe. Kitufe."

Saa nane Sikudhani alirudi kutoka kazini, akaingia barazani, akampa mumewe simu mkononi. Mbaruku alinawa mikono kwa mafuta ya taa, akaketi kwenye kigoda, akaanza. Sikudhani alitaja majibu, Mbaruku akagusa. Ng'ombe aliwapata wote. Kwenye picha, alichora macho kwa wino wa kalamu juu ya kope za mkewe, mawili, makubwa kidogo, na fomu ikayakubali mara moja.

Saa kumi kasoro dakika sita wakafika mwisho. *Weka kidole gumba ndani ya duara jekundu. Una sekunde tano.*

"Hiki kiwe changu," Sikudhani alisema. "Hiki kimoja."

Akaweka kidole, kikaangukia nje ya duara. *Umebakiza majaribio mawili.* Mbaruku akakishika kidole cha mkewe akakielekeza, na simu ikasema: *Vidole viwili vimeonekana. Umebakiza jaribio moja.*

"Kushoto kidogo," Mbaruku alisema. "Shuka. Si huko. Rudi."

"Wapi?"

"Hapo juu. Hapana. Mama Zuhra, muda."

Sekunde ya nne Mbaruku alibandika kidole gumba chake mwenyewe. Hakukipangia. Alikibandika kama mtu anavyodaka kikombe kinachoanguka.

*Hongera,* simu ilisema. *Ombi limepokelewa.*

Jibu lilikuja baada ya dakika nne. Lilikuwa jibu la kwanza kutolewa na wizara tangu iundwe, na kesho yake gazeti la serikali liliandika habari hiyo ukurasa wa mbele. Lilimtaka mwombaji afike ghorofa ya nne kwa uhakiki, akiwa na kidole.

* * *

Pale kwenye lifti hapakuwa na mtu. Sikudhani alimwuliza bawabu habari za Linus Chogo. Bawabu alisema yule bwana alipitiliza siku kumi na nne, kwa hiyo amehesabika kuwa hakuwahi kufika.

Juu, Lupogo aliwapa viti, akaagiza chai. Alikuwa na karatasi mbele yake, na alizipangua na kuzipanga kwa muda.

"Mama Ngwele, na wewe bwana. Kuna jambo. Kanuni ya kumi na tisa inasema mwombaji ni kidole. Majina watu hughushi, kidole hakighushiki. Sasa kidole kilichotufikia ni cha Bwana Mbaruku. Kwa hiyo kompyuta imerekebisha jina, na jinsi pia. Mwombaji wa nafasi ya opereta wa simu, hospitali ya mkoa, ni Bwana Mbaruku. Na amefaulu. Nampongeza."

"Mimi ni fundi baiskeli," Mbaruku alisema.

"Ulikuwa."

"Na ninaona."

Lupogo akafumba macho. "Hilo ningeomba usiliseme kwa sauti. Fomu imeeleza, chini ya kiapo, kwamba mwombaji haoni. Kama unaona, umeapa uongo kwa serikali, miaka miwili. Na mama, kwa kukuachia, miaka miwili. Kama huoni, una kazi, yenye marupurupu ya asiyeona."

"Rekebisheni basi," Sikudhani alisema. "Nipo hapa mbele yako. Kazi ni yangu. Miaka ishirini na mmoja."

"Mama, wewe hukuomba."

"Nimeomba kwa wiki mbili."

"Kompyuta haina kumbukumbu hiyo. Ina kumbukumbu ya kitu fulani kilichojaribu mara nyingi na kubainika si binadamu." Alivua miwani akaifuta, na machozi yake yalikuwa ya kweli. "Kurekebisha kunawezekana. Ni lazima niwe mkweli kwenu. Kuna fomu ya marekebisho."

Waliomba dakika tano wakatoka koridoni. Watu walipita wakiwa wamekumbatia mafaili. Mbaruku aliegemea ukuta.

"Nitawaambia ninaona. Wanifunge mimi. Wewe nitasema nilikuibia simu."

"Halafu?"

"Halafu haki yako ibaki."

"Ibaki wapi, Baba Zuhra? Wewe ndani, mimi bila kazi, na hakuna hata baiskeli moja inayotengenezwa. Zuhra aje atulee?"

Mbaruku alikuwa akijikuna kwenye kidole gumba, mahali palipobaki weusi wa grisi ambao haukutoka kwa mafuta ya taa.

"Namba za ndani utazijifunza," Sikudhani alisema. "Za madaktari nitakufundisha nyumbani. Daktari wa watoto akisema yuko njiani, ujue bado yuko kitandani." Halafu akapapasa, akaupata mkono wa mumewe, wakarudi ndani.

* * *

Kazi haikumchukua Mbaruku muda mrefu kuianza, lakini taratibu zake zilikuwa nyingi. Alitakiwa kuvaa miwani myeusi muda wote wa kazi. Alitakiwa kuwa na fimbo nyeupe, na kwa kuwa kila nyumba hugawiwa moja tu, ofisa wa wizara alikuja akaichukua ya Sikudhani akamkabidhi Mbaruku, akatoa na stakabadhi. Kwenye daftari la kaya, Sikudhani, ambaye hakuwa ameomba chochote, aliandikwa *mwenye kuona*.

Waziri alikuja hospitalini kupiga picha na mtu asiyeona wa kwanza nchini kufaulu fomu, ambaye pia alikuwa wa pekee. Alimshika Mbaruku bega akasema kwenye vipaza sauti kwamba huu ndio ushahidi, kwamba watu wenye ulemavu wakipewa fursa hawahitaji kubebwa. Akaongeza kwamba tangu fomu itoke, wizara haijapokea lalamiko hata moja kutoka kwa watu wenye ulemavu, ingawa fomu ya malalamiko ipo wazi mtandaoni usiku na mchana. Mbaruku alitazama mbele kupitia miwani. Aliona midomo ya watu ikitabasamu, na nyuma kabisa, karibu na mlango wa famasi, alimwona mkewe akiwa amesimama wima huku akipiga makofi pamoja na wengine, kwa kuwa mtu aliyekuwa jirani yake alimwambia apige.

Utaratibu wa mwisho ulihusu usalama. Kila mtumishi asiyeona aletwe kazini na mtu wa kaya yake mwenye kuona, na mtu huyo asubiri ndani ya uzio hadi kazi iishe. Daftari la kaya lilikuwa na mwenye kuona mmoja tu.

Basi kila asubuhi walitoka pamoja, mume akiwa na miwani na fimbo, Sikudhani akiwa amemshika kiwiko. Mbaruku alijifunza kumwonya kwa kumbana mkono anapofika kwenye mtaro, bila mtu kutambua. Mama mmoja muuza maandazi aliwazoea, na siku moja alimwambia Sikudhani kwamba Mungu atamlipa, kwa kuwa wanawake wa siku hizi wangeshamwacha mume wa namna hiyo.

Baada ya geti Mbaruku aliingia kwenye chumba kati ya famasi na stoo ya mashuka. Sikudhani alikaa kwenye benchi la wageni, chini ya dirisha lake.

Kutoka pale alisikia kila kitu. Alisikia simu zikiita na Mbaruku akihangaika, akisema subiri kidogo, akipindua karatasi, akiunganisha mochwari na watu waliotaka maabara. Siku za mwanzo Sikudhani alimtajia namba kwa kunong'ona kupitia dirishani, mpaka mlinzi akaja kumweleza kwa adabu kwamba wasindikizaji hawaruhusiwi kuingilia huduma. Dirisha likafungwa, likabandikwa karatasi.

Alhamisi moja, kabla ya adhuhuri, simu iliita ndani ya chumba kile, ikaita, ikaita. Sikudhani aliinua kichwa. Simu haikupokelewa. Ikakatika, ikaanza upya, na mahali fulani ndani alisikia viatu vya mumewe vikikimbia kutafuta daktari upande ambao hapakuwa na daktari. Aliutambua mwito wenyewe: ulikuwa wa laini ya zahanati za ng'ambo ya mto, ambazo hazipigi ila zimezidiwa. Daktari wanayemhitaji alikuwa, saa kama ile, siku kama ile, kwa fundi wake wa saa, nyuma ya soko. Namba ya fundi wa saa Sikudhani alikuwa nayo kichwani. Mikono yake ilikuwa imeshaanza kunyanyuka. Akairudisha mapajani, akaikalisha mmoja juu ya mwingine.

Simu ikanyamaza.

Akapita nesi, mgeni hospitalini, sauti ya binti mdogo. Akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Umekaa hapa tangu asubuhi. Unamsubiri nani?"

"Mume wangu," Sikudhani alisema. "Yule wa kwenye simu. Haoni."

"Pole sana, mama."

"Asante, mwanangu," alisema Sikudhani. "Nimeshapoa."